Ukinunua Nguo, Nunua na Uzee Wake

Mtu wa pwani akihamia Nakuru, mwalimu wake wa kwanza ni baridi. Mji huu umekaa juu, kiasi cha mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai hapa si usiku wa kujifunika shuka moja kama ule wa Majengo au Kisauni. Sisi wa kutoka Mombasa, Malindi na Lamu tunaokaa Free Area, kando ya barabara kuu iendayo Nairobi, tumeletwa huku na mambo mbalimbali: huyu mumewe ni dereva wa malori, yule ni mwalimu, mwingine alifuata biashara akaolewa papa hapa. Lakini sote tulipofungua masanduku yetu tulikuta leso, madera na mabuibui, na hamkuwa na hata kimoja cha kuzuia upepo wa usiku.

Basi wengi wetu tukaanza kuzitazama nguo kuukuu kwa jicho jingine. Dera lililopasuka kwapani halikuwa tena takataka. Lilikuwa nusu ya blanketi. Na katika shughuli hiyo ndipo nilipotambua kwamba iko ilimu moja ya nyumba zetu, ambayo mama zetu waliijua bila ya kusomeshwa na mtu, nayo inatutoka mikononi huku tukitazama.

Wazee wanapenda kusema kwamba inatutoka kwa uvivu wa wasichana wa siku hizi. Mimi sikubali. Msichana anayeamka saa kumi alfajiri kukaanga mahamri ya kuuza kabla watoto hawajaenda shule si mvivu. Kwa maoni yangu sababu ni mbili. Ya kwanza ni haya: tumefanywa tuone kwamba kiraka ni tangazo la ufukara. Ya pili ni kwamba nguo zenyewe zimebadilika, na hii haisemwi kabisa ijapokuwa ndiyo kubwa zaidi. Mama zetu waliweza kuigeuza nguo kuukuu kuwa kitu kingine kwa sababu nguo yao ilikuwa inageuzika. Nyingi ya hizi tunazonunua sisi hazigeuki kuwa kitu.

Natutazame leso, maana hakuna nyumba ya pwani isiyokuwa nayo. Leso ikitoka dukani ni ngumu kwa wanga, haijakatwa wala kupindwa. Ukiipinda na kuifua mara mbili tatu inaanza kulainika, na katika siku zake za ujana ni vazi la kutokea, la kwendea arusini na matangani, na jina lake husomwa na kila mwenye macho. Rangi ikianza kufifia inashuka daraja: inakuwa ya kushindia nyumbani, kisha ya jikoni. Ikishafuliwa mwaka mzima na kuwa laini kama sufi, hapo ndipo inapopata cheo chake kikubwa, nacho ni mbeleko. Mtoto mchanga habebwi kwa leso mpya inayomkwaruza mashavu. Kutoka mbeleko ikakatwa winda. Winda zikichoka zikawa vitambaa vya kufunikia chakula, na vile vitambaa vya kila mwezi ambavyo wanawake tunavijua wenyewe. Pembe iliyo nzima ikakunjwa mara nne ikashonwa ikawa tambara la kuepulia sufuria. Kipande kirefu kikasokotwa kikawa kata ya kubebea ndoo kichwani. Kilichobaki kikapigiwa deki. Na uzi wa mwisho kabisa nyanya yangu aliutia katika koroboi ukawa utambi, ukawaka.

Msomaji ataona kwamba katika safari yote hiyo leso haikufanya ila kazi moja: ilinyonya. Ilinyonya jasho, ikanyonya maziwa, mkojo wa mtoto, maji ya sakafu, na mwishowe mafuta ya taa. Na iliweza kunyonya kwa kuwa ilikuwa pamba. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Biashara Street, Mombasa, ambalo leso zake twazijua kwa alama ya Mali ya Abdulla, linahesabu umri wake tangu mwaka 1887. Na kabla ya hapo watu wa pwani walikuwa wakivaa kaniki na marekani, ile bafta nyeupe ngumu iliyopewa jina la nchi ilikotoka. Zote hizo zilikuwa pamba. Hivyo mama zetu, na mama wa mama zetu, hawakuhitaji kuuliza nguo ina nini ndani yake. Ukinunua nguo ulikuwa umenunua pia winda, tambara na utambi, umelipia mara moja.

Leo ukienda sokoni, ziko leso za polista. Zina rangi kali isiyopauka, hazikunjamani, na bei yake inavutia. Madera mengi ni ya polista. Mashuka mengi vivyo hivyo, na fulana za watoto, na mitandio, na sare za shule. Sisemi kwamba nguo hizi ni mbaya kwa kuvaliwa. Polista inadumu, inakauka upesi, na mama mwenye watoto watano na karai moja ana haki ya kuipenda. Ubaya wake huonekana siku inapokufa. Ikate winda, mkojo utapita juu yake kama maji juu ya jani la mgomba. Ipigie deki, utakuwa unayasukuma maji kutoka pembe hii ya chumba hadi pembe ile.

Na jikoni ni hatari, hili nalisema kwa mkazo. Tambara la pamba likigusa kaa la moto linaungua, unasikia harufu, unalitupa. Tambara la polista haliungui hivyo. Linayeyuka, na likiyeyuka linanata. Jirani yangu mmoja hapa plotini aliepua sufuria ya uji kwa kipande cha dera la zamani, akidhani ni kitambaa kama vitambaa vingine. Ukingo wa kitambaa ukagusa makaa ya jiko, ukageuka kuwa kama lami, ukamganda vidoleni. Akauvua pamoja na ngozi. Mama huyo si mjinga, tena ni mpishi hodari. Alifanya lile lile alilomwona mamake akifanya miaka yote, ila mamake alikuwa na pamba mkononi.

Kwa hiyo kabla hujaipa nguo kuukuu kazi mpya, ijue asili yake. Chomoa nyuzi mbili tatu kutoka katika pindo, uzisokote pamoja, uzishike kwa koleo au kibanio juu ya sahani ya bati, kisha uziwashe kwa kiberiti. Pamba huwaka kama karatasi, ina harufu ya karatasi, na huacha jivu laini linalopulizika. Polista hujikunja na kukimbia moto, hutoa moshi mweusi, na ikipoa huacha punje ngumu kama ushanga. Sufu huwa na harufu ya nywele zilizoungua. Nguo iliyochanganywa pamba na polista hufanya yote mawili, na hiyo usiipeleke jikoni. Kazi hii haichukui dakika mbili, na mtoto wa darasa la sita aweza kuifanya akiwa mbele ya mamake.

Wengine watasema lawama ni ya mitumba. Hapa napenda tuwe waadilifu. Tangu milango ilipofunguliwa katika miaka ya 1990, nguo hizi zimewavika watu ambao nguo mpya za dukani zisingewavika. Ni kweli pia kwamba katika miaka hiyo viwanda vyetu vya nguo vilianguka, Kicomi ya Kisumu ikafungwa na Rivatex ya Eldoret ikazorota, hata ikaja kuchukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007. Mizani ya jambo hilo wataipima wataalamu wa uchumi. Mimi najua kwamba mwaka 2019 nchi hii iliingiza takriban tani 185,000 za mitumba, na kwamba serikali ilipoizuia kwa ajili ya korona mwaka 2020, kuanzia mwisho wa Machi hadi Agosti, nyumba nyingi hapa Free Area zilikosa riziki kwa kuwa mama alikuwa muuzaji. Bila sweta za mitumba sisi watu wa pwani tungekuwa tumesharudi Mombasa na mafua yetu.

Lakini mtumba nao una ilimu yake ya kununua, na wengi wetu tunaununua kama vipofu. Robota likifunguliwa, wale wanaotangulia huchukua kamera, yaani zile za daraja la kwanza zinazong'aa. Zinazobakia sokoni mwisho wa siku huitwa fagia, nazo huuzwa kwa bei ya kutupa. Sote tunakimbilia kamera. Mimi nawashauri dada zangu wasiidharau fagia, ila waiendee wakiwa wameshakata shauri kwamba wananunua kitambaa, si vazi. Shati kubwa la kiume la pamba lenye kola iliyochakaa halina mnunuzi, na hali mgongo wake peke yake unatosha foronya ya mto wa mtoto. Shuka la pamba lenye doa la chai katikati ni winda nusu dazeni. Soma kile kijikaratasi cha kitambaa kilichoshonwa shingoni au ubavuni. Mara nyingi kimeandikwa nguo ni ya nini, na kwa kiasi gani katika mia. Kikiwa kimekatwa, pana vidole vyako na kiberiti chako.

Sasa niuzungumze mfarishi, maana ndio uliotuokoa na Julai. Nauita mfarishi kwa sababu hilo ndilo neno nililolikuta kwetu. Huku majirani wana majina yao. Twafanya hivi. Chini twatandika leso mbili kuukuu za pamba zilizounganishwa, au shuka. Katikati twaweka blanketi lililotoboka au sweta zilizofunguliwa mishono na kutandazwa. Juu twapanga vipande: mgongo wa kanzu, mguu wa suruali ya shule, mkono wa shati, upande wa dera. Kisha twashona bandi, mistari iliyo sambamba, baina ya mstari na mstari upana wa vidole viwili, kwa sindano nene na uzi wa pamba, tukipitisha matabaka yote matatu. Hapa ndipo hata polista inapopata kazi halali, kwa kuwa tabaka la katikati halihitaji kunyonya kitu. Linahitaji kushika hewa tu, na hewa iliyoshikwa ndiyo inayoweka joto.

Kabla ya kushona, kila kipande kivutwe kwa nguvu kwa mikono miwili. Kikilia na kupasuka, kipeleke kwenye matambara, usikihurumie, kwani kipande kimoja kilichooza kitakufanya uufumue mfarishi mzima baada ya mwezi. Na usishone mfarishi mkubwa kupita karai lako. Mimi nimeona mmoja mzuri ajabu, wa kulaza watu wanne, ambao mwenyewe hajaufua tangu aumalize kwa kuwa ukilowa hauinuliki.

Kazi hii yataka majuma, si siku. Twaifanya baada ya Alasiri, watu watatu wanne, kila mmoja na pembe yake, na mazungumzo hayakosekani. Wamo wenyeji pia, Wakikuyu na Wakalenjin, nao wametufunza sisi kufumua sweta: unatafuta mwanzo wa uzi, unaufumua wote, unauzungusha kwenye mgongo wa kiti, unaufua na kuutundika na kizito chini yake ili unyooke, kisha unafuma upya. Vyondo vingi vizuri mnavyoviona vya rangi rangi vimesukwa kwa nyuzi za sweta zilizofumuliwa. Nasi tumewafunza bandi.

Nimesema kwamba tunaona haya. Napenda wasomaji wa pwani wajue kwamba huko India, katika jimbo la Karnataka, wako watu wanaoitwa Wasidi. Wengi wa wazee wao walichukuliwa kutoka pande zetu hizi za Afrika, wakapelekwa ng'ambo katika utumwa na utumishi, na leo miongoni mwao wako Waislamu, Wahindu na Wakristo. Wanawake wa Kisidi wana mfarishi wao waitwao kawandi, wanaoushona kwa nguo kuukuu juu ya sari kuukuu. Huanza pembeni mwa kitambaa wakizunguka kando yote, wakaingia ndani mstari baada ya mstari mpaka wakutane katikati. Ukishamalizika, katika kila pembe hushonwa kijipembe cha vitambaa vilivyokunjwa kiitwacho phula, maana yake ua. Kawandi isiyo na maua yake huhesabiwa kuwa iko uchi. Siku hizi kawandi hizo zimetundikwa katika maonyesho ya sanaa huko Marekani, watu waliovaa suti wakizitazama kwa heshima. Ndugu zetu hao hawakushona kwa ajili ya maonyesho. Walishona kwa sababu misitu ya huko ina baridi na watoto walitaka kulala.

Hata mataifa yenye nguvu yamepitia njia hii. Uingereza, wakati wa Vita vya Pili, iliuza nguo kwa vipimo kuanzia mwaka 1941 hadi 1949, na mwaka 1943 serikali yenyewe ikachapa kijitabu cha kuwafundisha wake wa nyumbani kutengeneza na kugeuza nguo za zamani. Hapa kwetu vyama vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyoanzishwa mwaka 1952, vilifundisha ushonaji pamoja na mambo mengine ya nyumba. Hakuna aliyecheka.

Na sisi Waislamu ndio tungekuwa wa mwisho kucheka. Bibi Aisha alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alieleza kwamba alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake mwenyewe. Sayyidna Umar alikuwa kiongozi wa dola kubwa na kanzu yake ina viraka. Sayyidna Abubakar alipokaribia kufa aliusia akafiniwe katika nguo aliyokuwa nayo, iliyokwisha kuvaliwa, kwa kuwa aliyona aliye hai ana haja zaidi ya nguo mpya kuliko maiti. Habari hizi tunazisikia misikitini na katika madarasa yetu tangu utotoni, kisha tunatoka hapo tukaenda kukopa ili kila mtoto awe na nguo mbili mpya za Idi, ya asubuhi na ya jioni.

Na waume zetu wanisikilize hapo kwenye sindano. Ikiwa aliye bora wa viumbe alishona nguo yake, basi bwana ambaye kifungo kikimkatika anaitupa shati juu ya kitanda na kuuliza chai iko wapi, anafuata mwendo wa nani? Kila mara magazeti yanapotaka kuzungumza juu ya kuweka akiba nyumbani, yanawahutubia wanawake, kana kwamba wanaume hawavai nguo wala hazichakai. Suruali zinazotoboka magotini hapa Free Area zote si za wanawake.

Iko pia tabia moja ambayo sina budi kuitaja ijapokuwa itawachoma baadhi ya watu. Nayo ni kufanya matambara kuwa sadaka. Mtu anasafisha kabati lake, anatia katika mfuko nguo zilizopasuka, zenye harufu, zisizo na vifungo, kisha anampa msichana wa kazi au anazipeleka kwa mayatima, akarudi nyumbani akijihisi amefanya jambo. Katika Suratul Baqara tumekatazwa kuchagua kilicho kibovu tukakitoa, kitu ambacho sisi wenyewe tungekipokea kwa kufumba macho. Msichana yule hawezi kukataa. Atasema ahsante, kisha atautafuta mwenyewe mahali pa kuutupa mzigo wako. Nguo ya kutoa ni ile ambayo ungemvisha mtoto wa dada yako bila kuona haya. Iliyo chini ya hapo ni yako, umeichakaza wewe, basi ibadilishe wewe. Na kama unapenda kweli kumsaidia yatima, shona mfarishi mmoja mzima kwa hizo hizo nguo, umpelekee huo. Hiyo ni zawadi.

Nguo tusizozigeuza hazitoweki. Nakuru imekuwa jiji tangu tarehe 1 Desemba 2021, lakini takataka zake zinakwenda huko huko Gioto, upande wa pili wa mji, na mvua kubwa zikija mitaro yetu inabeba kila kilichotupwa ikishuka nacho kuelekea Ziwa Nakuru. Leso ya pamba ikitupwa huoza. Dera la polista halitaoza katika umri wetu, na likijisokota mtaroni pamoja na chupa, maji yanarudi kwenye vyumba vya watu. Huko Mombasa mliokuwa mkipita Kibarani zamani mnakumbuka harufu ile.

Katika jambo hili sheria imetusaidia bila kukusudia. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, ghafula kila mwenye kwenda sokoni akahitaji kapu. Mguu mmoja wa suruali ya jinzi, ukikatwa juu ya goti na kushonwa ncha ya chini, ni mfuko unaochukua kilo nne za viazi bila kulalamika. Mshipi wa suruali hiyo hiyo ndio mkono wa kubebea. Wako kina mama hapa wanaoshona mifuko hii kwa cherehani za miguu na kuziuza kando ya barabara, na nimeona madereva wa masafa wakinunua. Jinzi ni pamba, au kwa sehemu kubwa ni pamba, kwa hiyo mfuko ukichoka unaweza kushonwa ukawa tambara zuri la kuepulia, almuradi uufanyie kwanza lile jaribio la kiberiti.

Sitaki hata hivyo nieleweke kwamba kila kitu kiwekwe. Chumba cha kupanga ni futi kumi kwa kumi, na ndani yake mna kitanda, jiko, vyombo na watoto. Mwenye nyumba anayeweka magunia matatu ya nguo kuukuu chini ya kitanda akisema siku moja atazishona, anafuga mende na panya, na siku hiyo haiji. Kanuni yangu ni gunia moja. Likijaa, hakiongezwi kitu mpaka kimoja kitoke kimeshonwa. Na nguo inayoingia mle iwe imeshafuliwa, imeanikwa juani, imetolewa vifungo, na imeshaamuliwa itakuwa nini. Ile isiyo na jina la kazi yake isiingie.

Shuka lililochakaa katikati, ambapo watu hulala, lisiingie guniani kabisa, kwani bado ni shuka. Lipasue kwa urefu katikati, chukua zile kingo mbili za nje ambazo bado nzima uziunganishe ziwe ndizo katikati, kisha pinda pande mbili zilizochakaa zije kuwa kando, zinakochomekwa chini ya godoro. Litakwenda miaka mingine miwili. Kola ya shati hufumuliwa, ikageuzwa, upande wa ndani ukatokea nje, ikashonwa tena. Fundi yeyote wa zamani wa Mombasa aweza kukufanyia ungali unamsubiri, na hakuna atakayejua isipokuwa wewe na yeye.

Vifungo navitia katika kopo la maziwa. Lastiki za sketi navichomoa viuno vyake na kuzitumia kwa suruali za watoto. Kitu kimoja tu kinanishinda mpaka leo, nacho ni zipu. Kopo la pili limejaa zipu za suruali, nzima kabisa, za chuma, fupi mno kwa foronya na ndefu mno kwa kijaluba cha pesa. Msomaji wa Lamu, Vanga au popote pale anayejua kazi yake, na aandike kwenye ukurasa huu.